Duara Lisilo na Kifusi

Picha ya kwanza tuliiona saa ya chakula, pale Nyarugusu, tukiwa tumekaa chini ya turubai karibu na mdomo wa duara letu. Duara ni shimo tunalochimbia dhahabu. Mimi siku hizi siingii tena. Kazi yangu ni kuvuta kamba juu, kupandisha mawe na kushusha vifaa na maji ya kunywa. Mpwa wangu, anayebebea watalii mizigo upande wa Karatu, alikuwa amekuja kutusalimia. Akatoa simu akasema, "Mjomba, hebu ona ninapotembea."

Ilikuwa picha ya shimo. Sijui kama nitaweza kuieleza, maana darasani niliishia la saba na mwalimu wangu wa insha hakuwahi kunisifu. Lilikuwa shimo la mviringo, kuta zake zimevaa msitu kuanzia juu mpaka chini. Chini kabisa limelala ziwa. Na juu ya ziwa kuna wingu. Yaani wingu liko ndani ya shimo, na aliyepiga picha amesimama juu ya wingu.

Mchimbaji haangalii shimo kama watu wengine. Kijana wetu mmoja, tunayemwita Mrefu kwa ule urefu unaomtesa akiwa chini, aliivuta simu mpaka puani.

"Hili nani kalichimba?"

"Mungu," mpwa wangu akajibu. "Ni kreta. Zamani ulikuwa mlima wa moto, ukadidimia."

"Sawa. Na kifusi alikiweka wapi?"

Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Hata ukichimba choo, udongo unaotoka unabaki pembeni, kila mpita njia anauona. Migodi mikubwa ya huku kwetu vifusi vyake vimekuwa vilima, unaviona barabarani kabla hujaona mji. Mpwa wangu akasogeza picha nyingine. Ilikuwa milima, mmoja nyuma ya mwingine, ya kwanza kijani, inayofuata bluu, na ya mwisho ina rangi ambayo sina jina lake.

"Labda ndiyo hiki," akasema.

Nakumbuka nilishika tonge la ugali wa moto mpaka likapoa.

Simu ilipofika kwa Mama Mapacha haikurudi. Mama Mapacha ni mpondaji. Anakaa chini siku nzima na nyundo, anavunja mawe tunayoyapandisha, kabla hayajaenda kusagwa. Ni mtu mzima, ana wajukuu, magoti yake yanalia akisimama. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea sahani imejaa mchuzi.

"Mayu, simu ya watu," Mrefu akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Chaji itaisha."

"Ngoja kwanza." Akaiangalia tena. "Haya ni mawingu ya baba."

Ndipo akatueleza. Baba yake, upande wa Meatu walikotokea, alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi na kurudi nayo mabegani. Akiwa kule kwenye chumvi, kila asubuhi aliona milima upande wa kaskazini na mawingu yaliyokaa juu yake bila kuondoka. Akawauliza wakubwa wa msafara, nyuma ya yale mawingu kuna nini? Wakamjibu, "Beba chumvi yako twende." Mpaka uzee wake aliwauliza watu swali hilo. Aliwauliza wageni, walimu, hata padri aliyekuja kumpaka mafuta.

"Amekufa hajajibiwa," Mama Mapacha akasema, akarudisha simu. "Mimi nitaenda kuangalia."

Alisema kama mtu anayesema anaenda mashineni kusaga. Lakini kuanzia siku hiyo safari ikawepo, na mimi nimejaribu kukumbuka ni nani hasa aliyesema "twende wote," nimeshindwa. Mrefu anadai ni yeye. Sina sababu ya kumkatalia.

Tulikuwa na kikundi cha kuzikana, na kikundi hicho ndicho kikawa cha safari. Mwenyekiti wake ndiye msimamizi wa duara letu, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi hushuka wa kwanza kabla hajamruhusu mwingine. Habari za pesa sitaziandika. Zilitafutwa, zikatosha, hazikubaki. Tulikubaliana kwenda baada ya mavuno, wakati huku kumekauka na kule juu, mpwa wangu alisema, ni baridi lakini njia ni nzuri. Tungetembea siku kadhaa kwenye nyanda za juu, tukilala porini, pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Kila mtu abebe mzigo wake.

Kila Jumapili baada ya kanisa tulikaa chini ya lile turubai kupanga. Sijawahi kuona watu wazima wanaofurahi hivyo kwa jambo ambalo hawajalifanya. Mabegi tulishona wenyewe kwa viroba vya kubebea mawe, tukaweka mikanda ya mpira wa baiskeli. Tochi za kichwani tulikuwa nazo, kamba tunazo. Nguo za baridi tulizifuata Nyasubi, Kahama, kwenye mitumba. Muuzaji alipoona tunajaribisha makoti mazito jua likiwa utosini, akauliza, "Wazee, mnahamia Ulaya?"

"Tunaenda kwa mawingu," Mrefu akamjibu. "Una saizi ya mtu mrefu?"

Chakula kilitutoa jasho. Mimi nilipendekeza maharage. Mpwa wangu akacheka kwenye simu, sauti ikiwa wazi wote tukimsikia.

"Mjomba, kule juu maharage hayaivi."

"Kuni hakuna?"

"Hata ungekuwa na kuni za kuchomea tanuru. Maji yanachemka mapema, yakiwa hayajapata moto vizuri. Yanatokota tu, harage linabaki gumu."

Mwenyekiti akainamia simu. "Rudia hapo."

Akarudia. Maji yanachemka na hayaivishi. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikijua kwamba maji yakichemka yamechemka. Usiku, hapana, jioni ile, nilikaa nikiangalia sufuria ya chai ya mke wangu mpaka akaniuliza kama nimeona mdudu. Basi tukaamua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kila nyumba ya Kisukuma inavyo, pamoja na karanga, dagaa na unga wa uji. Mama Mapacha alikausha michembe ya kikundi kizima juu ya paa lake.

Halafu ikaja habari ya hewa. Mpwa wangu alisema kadiri unavyopanda hewa inapungua, mtu anahema hata akiwa amekaa. Hilo tulilielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Chini ya duara nako hewa inakwisha. Tunapeleka kwa feni na bomba la plastiki.

"Kwa hiyo ukishuka hewa inaisha, ukipanda hewa inaisha," Mrefu akasema. "Mungu ametupa hapa hapa katikati tu."

Alisema kwa utani, lakini nilimwona Mwenyekiti akiangalia juu, halafu akaangalia mdomo wa duara, halafu juu tena. Mimi pia niliangalia. Nilijiona mdogo sana, na sikuumia.

Nimeeleza mambo hayo ili ieleweke kwamba hatukupanga ovyo. Tulipanga kwa akili tuliyokuwa nayo. Na mpangilio wa mstari, yaani nani atembee wapi, tulioufanya kwa makini kuliko yote, ndio ulioharibika.

Chini kwetu kuna utaratibu. Anayeshuka wa kwanza ni mwenye uzoefu, kwa sababu yeye ndiye atakayekutana na hewa mbaya au ukuta uliolegea. Wanafuata wenye nguvu. Mgeni na mdhaifu wanakuwa wa mwisho, kwa sababu wa mwisho ndiye aliye karibu na mdomo; likitokea jambo, anatoka wa kwanza. Ni nafasi ya heshima, nafasi ya mtu unayetaka arudi nyumbani. Kila anayeshuka anaacha ndala zake kwenye mdomo, kwa mstari, na mimi mvuta kamba nahesabu kwa macho. Ndala zikiisha, duara ni tupu, naweza kwenda nyumbani.

Basi Mwenyekiti alipochora mstari wa mlimani, akamweka Mama Mapacha wa mwisho. Wote tuliitikia. Naandika hivi kwa sababu baadaye kuna waliosema alimdharau. Hakumdharau. Alimpa nafasi ambayo angempa mama yake mzazi. Na Mama Mapacha mwenyewe, anayejua utaratibu wetu, alisema, "Wabeja, baba," yaani asante, na alimaanisha.

Tukaenda kufanya jaribio. Siku mbili, na mizigo yote, mpaka kwenye vilima vilivyo nyuma ya mashamba, tulale huko, turudi. Mwenyekiti mbele, Mrefu na vijana nyuma yake, mimi katikati, Mama Mapacha wa mwisho na raba zake za njano. Mwanzoni tulimsikia akiimba. Baadaye sikumsikia, nikadhani ameanza kutunza pumzi. Njia ilikuwa nyembamba, nyasi ndefu, na ng'ombe wengi walikuwa wanapita kuelekea majini, vumbi tupu.

Tulipofika kwenye mwamba tuliokuwa tumepanga kupumzika, tulikaa na kuvua viatu. Kwa mazoea tu, hakuna aliyesema, kila mmoja akaviweka kwenye mstari. Nami kwa mazoea nikapitisha macho.

Raba za njano hazikuwepo.

Sitaki kuongeza chumvi. Ilikuwa mchana, pori la kawaida, nchi yetu wenyewe. Lakini kwa mtu aliyezoea kuangalia ndala kwenye mdomo wa shimo, pengo kwenye mstari wa viatu lina maana moja tu. Mwenyekiti alikimbia peku. Sisi nyuma yake tukiita "Mayu! Mayu!" mpaka sauti zikakauka.

Tulimkuta mbali, pembeni kabisa ya njia, kwenye boma la wafugaji. Amekaa juu ya begi lake, kibuyu cha maziwa mgando mkononi, mama mwenye boma anamsimulia habari za ndama. Alikuwa amefuata vumbi. Alidhani ni sisi tulio mbele yake, kumbe ni ng'ombe.

"Mmefika?" akasema. "Mnatembea taratibu sana ninyi."

Mrefu alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti hakucheka. Aliinama akashika magoti, akahema, na nilipomtazama usoni nikaangalia kwingine.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alisimama. Alizungumza kwa adabu, nami nitayaandika maneno yake kama yalivyokuwa kadiri ninavyoweza. Alisema, "Mama yangu, kule boma la mtu haliko karibu. Mpwa wetu anasema ukungu unashuka mpaka humwoni aliye mbele yako, na kuna nyati. Mimi kila siku nashusha watu na nawapandisha. Sijawahi kumwacha mtu. Siwezi kwenda kumwacha mama kwenye ukungu. Naomba ubaki, sisi tukakuletee picha."

Wengine waliona ana haki, na kusema kweli, mimi pia niliona ana haki. Mama Mapacha alisikiliza mpaka mwisho.

"Picha nilishaiona," akasema. Akaondoka.

Wiki ile alikuja kazini kama kawaida. Michembe ya safari alituletea, imefungwa vizuri kwenye mifuko, ya kila mtu mfuko wake, pamoja na wake aliousukumia katikati ya mingine. Aligonga mawe. Hakuimba. Nilitamani aseme neno, atukane hata, lakini ilikuwa nyundo tu, kutwa nzima. Nilimfikiria yule baba yake, kijana wa chumvi, amesimama na mzigo, anaangalia juu, anaambiwa twende. Nikaona kama sisi sote tumekuwa wale wakubwa wa msafara.

Lakini kusikitika hakukutosha kumjibu Mwenyekiti. Hofu yake ilikuwa ya kweli.

Nilikuwa kwenye kamba, asubuhi, watu wanashuka. Mwenyekiti akavua ndala, akashuka. Mrefu akavua zake, akashuka. Wa mwisho alikuwa mgeni wetu mmoja aliyetoka Ushirombo, bado mwoga wa ngazi. Alisimama chini kidogo tu ya mdomo, kichwa chake nakiona, akaniangalia juu. Nikamwambia, "Usiogope, mimi nipo hapa." Na nilipolisema hilo, nikashtuka.

Mimi nipo hapa. Wa mwisho chini kwetu ana mtu nyuma yake. Ana mvuta kamba, ana mdomo, ana jua. Kule kwenye vilima, nyuma ya Mama Mapacha palikuwa na nini?

Nilikaa na wazo hilo siku nzima nikiligeuza, maana siamini mawazo yangu upesi. Watu walipopanda jioni, nikamwambia Mwenyekiti naomba neno. Nililieleza vibaya. Nilizunguka, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Mwisho nikachukua zile ndala nikazipanga chini, nikasema, "Hapa mdomo. Wa mwisho yuko hapa karibu na mdomo. Sasa mlimani, mdomo uko wapi?"

Aliziangalia ndala muda mrefu. Mrefu akataka kusema kitu, Mwenyekiti akanyoosha mkono kumzuia.

"Mlimani hakuna mdomo," akasema polepole. "Wa mwisho ndiye aliye mbali kuliko wote." Akachuchumaa. Akachukua ndala ya nyuma kabisa, akaiweka mbele ya zote. "Tumeupanga mlima kama duara."

"Sasa tukimweka mbele si tutafika mwakani?" Mrefu akauliza.

"Tutafika wote," Mwenyekiti akamjibu.

Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Mama Mapacha. Sikuwepo, kwa hiyo sijui alichosema. Najua tu kwamba kesho yake nyundo ilikuwa inagonga na mtu anaimba, na Mrefu aliyepita karibu akasema, "Shikamoo dereva," naye akajibu, "Marahaba, abiria. Na usinisukume."

Tukafanya jaribio la pili, vilima vile vile, yeye mbele, mimi wa mwisho. Haki isemwe: ilikuwa mateso. Miguu ya vijana inawasha, wanakanyagana visigino. Mrefu alilalamika njia nzima. "Mayu, kobe ametupita." "Mayu, naona harage linaota." Yeye hakugeuka. Alikwenda mwendo wake ule ule, hata kwenye mteremko, hata kwenye mwinuko, na jambo la ajabu ni kwamba hatukusimama kupumzika mara nyingi kama mwanzo, kwa sababu hakuna aliyechoka. Tulipovua viatu kwenye ule mwamba, raba za njano zilikuwa za kwanza kwenye mstari. Mwenyekiti alizitazama, kisha akajilaza chali akalala usingizi palepale.

Tulikwenda. Nilikuwa nadhani nitaandika safari nzima, lakini kila nikijaribu maneno yanakuwa madogo. Nyota za kule zilikuwa karibu mno. Baridi ilimfanya Mrefu avae makoti yote mawili ya Nyasubi na bado akaomba langu. Uji ulichemka na haukuwa wa moto kama wa nyumbani, vile tulivyoambiwa, na tulisimama tumezunguka sufuria tukiutazama kama watoto. Nitaandika asubuhi moja tu.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Tulikuwa tunapanda kuelekea ukingo wa ile kreta ya kwenye simu, tumefuatana karibu karibu, Mama Mapacha mbele, mimi wa mwisho, simwoni. Namwona aliye mbele yangu tu, na yeye anamwona aliye mbele yake. Ghafla mstari ukasimama. Askari wa hifadhi, aliyekuwa akitangulia, akarudi pembeni mwa mstari mpaka karibu nami, akakaa kwenye jiwe kukaza kamba za buti, kama mtu aliyezoea kusubiri mahali hapo.

Chini kwetu, anayechimba mbele akigonga kitu, neno linapita mdomo kwa mdomo mpaka linafika kwangu juu kwenye kamba. Nami nikiuliza, swali linashuka vile vile. Basi bila kufikiri nikamwambia wa mbele yangu, "Uliza, kuna nini?" Akamwambia Mrefu, Mrefu akamwambia Mwenyekiti. Nilisikia swali likienda, kila sauti chini kuliko iliyotangulia, likapotelea kwenye ukungu.

Upepo ulivuma kidogo. Mahali fulani mbele mwanga ulianza kubadilika, weupe ukawa na kina. Hatukusogea. Kulikuwa na ukimya ambao sijawahi kuusikia hata chini kabisa ya duara, na ndani yake nilisikia mtu anahema.

Jibu lilichukua muda kurudi. Lilikuja kwa Mwenyekiti, likaja kwa Mrefu, ambaye kwa mara ya kwanza hakuongeza lake, likanifikia mimi.

"Anasema tusubiri. Bado anaangalia."

Tukasubiri.